MBA ya mwaka mmoja ianze kufuata kalenda ya mazao

Katika miaka ya karibuni Shahada ya Uzamili ya Usimamizi wa Biashara, maarufu kama MBA, imekuwa tiketi inayotafutwa na watu wa kila idara. Ofisa mikopo anaitaka ili awe meneja wa tawi, mhasibu wa halmashauri anaitaka ili apande daraja, na mhandisi aliyechoka kuagizwa na watu wa fedha anaitaka ili naye aagize. Vyuo navyo havikulala. Kuna masomo ya jioni, ya mwisho wa wiki, na yale ya miezi 12 ambayo matangazo yake huahidi kwamba mwanafunzi atamaliza haraka tena bila kuacha kazi.

Wengi hulipa ada kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara, makato yanayoendelea muda mrefu baada ya joho kurudishwa. Wengine hulipiwa na mwajiri. Lakini yupo mlipaji wa tatu asiyetajwa, naye ni mkulima ambaye ombi lake la mkopo litafika kwenye meza ya mhitimu huyo. Uamuzi ukiwa mbovu, yeye ndiye atakayeuza ng'ombe. Kwa hiyo ubora wa shahada hii si jambo la kuachiwa wasomi peke yao.

Ni rahisi kuimaliza hoja kwa methali ya haraka haraka haina baraka. Methali hiyo haitoshi. Chuo cha INSEAD kilichoanzishwa mwaka 1957 huko Fontainebleau, Ufaransa, kinatoa MBA kwa miezi 10, na hakuna mwajiri anayewacheka wahitimu wake. Oxford na Cambridge za Uingereza nazo hutoa MBA ya mwaka mmoja, na India ina chuo cha Hyderabad, kilichofunguliwa mwaka 2001, chenye utaratibu kama huo. Harvard ya Marekani, iliyoanza kufundisha biashara kwa ngazi hiyo mwaka 1908, imebaki na miaka miwili. Wote wanatoa wahitimu wazuri, hivyo urefu peke yake si kipimo.

Tofauti iko kwenye kile kinachokatwa. Katika programu ya miaka miwili ya Marekani, kati ya mwaka wa kwanza na wa pili kuna likizo ndefu ambayo mwanafunzi huitumia kufanya kazi kwenye kampuni. Programu ya mwaka mmoja huondoa kipindi hicho au kukibana sana. Vyuo vya Ulaya vinaweza kufanya hivyo kwa sababu vinachukua watu waliokwisha kufanya kazi kwa miaka kadhaa, ambao mhadhiri akitaja mtaji wa kuendeshea shughuli wanakumbuka mwezi fulani ambao mishahara ilichelewa. Kampuni wanayo kichwani. Darasa linawapa majina ya mambo waliyokwisha kuyaona.

Hapa nchini sifa hiyo mara nyingi imelegezwa. Kijana aliyemaliza shahada ya kwanza mwaka jana na kukosa ajira huketi dawati moja na meneja mwenye miaka 15 kazini. Si kosa la kijana, maana naye anatafuta riziki, na chuo kinahitaji ada yake. Lakini kwa kijana huyo mwaka mmoja wa mbio ni mwaka wa kukariri, kwa kuwa hana mahali pa kuyaweka anayofundishwa. Dawa yake inajulikana: wasio na uzoefu au waliosomea fani nyingine waanze na miezi miwili au mitatu ya maandalizi ya hesabu, uhasibu na uchumi, ikiambatana na kazi ya mikono kwenye chama cha ushirika, kiwanda au duka la jumla, kabla saa ya programu yenyewe haijaanza kuhesabiwa. Wenye shahada ya biashara nao waruhusiwe kuruka kozi za utangulizi badala ya kulipishwa kusikia tena walichokwisha kufaulu.

Saa 76 kabla ya daladala

Chukua ratiba ya kawaida ya jioni. Vipindi vinaanza saa 11:30 jioni na kwisha saa 2:30 usiku, siku nne kwa wiki. Hizo ni saa 12 za darasani. Kama kila saa ya darasani inadai saa mbili za kusoma na kufanya mazoezi, mwanafunzi atafute saa 24 nyingine, mbali na saa 40 au zaidi anazodaiwa na mwajiri. Jumla ni saa 76 kabla hajapanda daladala, na anayetoka Posta kwenda Mbagala anajua kinachobaki baada ya foleni.

Matokeo yake ni kugawana masomo kama nyama ya ng'ombe. Kikundi cha watu watano kikipewa kesi tano, kila mmoja anachukua moja, zinaunganishwa usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, na jalada linatiwa majina yote matano. Alama ni nzuri kwa wote, lakini kila mmoja amesoma moja ya tano ya kozi. Aliyepewa hesabu kwa kuwa ni mhasibu anaendelea kuwa mhasibu. Aliyepewa kuandika utangulizi kwa sababu Kiingereza chake kimenyooka anahitimu akiwa bingwa wa utangulizi.

Wahadhiri wanalijua hilo, na waajiri wameanza kulijua. Ndiyo maana mtu mwenye MBA anaweza kuulizwa kwenye usaili swali dogo la mtiririko wa fedha akaanza kuzungumzia dira na dhamira ya kampuni.

Hesabu sahihi, ratiba mbaya

Madhara yanaonekana vizuri zaidi kwenye mikopo ya kilimo, sekta ambayo ndiyo inayobeba Watanzania walio wengi. Chukua mkulima wa mpunga wa Mbarali, mkoani Mbeya, anayekopa Sh6 milioni mwishoni mwa Novemba kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka. Mhitimu wa MBA anaijua kanuni. Akiugawa mkopo huo katika marejesho 12 yaliyo sawa, kila mwezi mkulima atalipa karibu Sh525,000. Akiamua badala yake kwamba deni lote lilipwe kwa mkupuo mwishoni mwa Julai, baada ya miezi minane, mkulima atalipa karibu Sh6.37 milioni. Kwa hesabu ya thamani ya sasa, ambayo ni miongoni mwa mambo ya mwanzo kabisa kwenye kozi ya fedha, mipango hiyo miwili ni sawa kwa benki. Mtihani ukiuliza, jibu ni hilo na alama zote zinatolewa.

Shambani mipango hiyo haifanani hata kidogo. Mpunga hupandikizwa kati ya Desemba na Februari, na mavuno huanza kuonekana Mei. Hadi mwisho wa Aprili, mkulima wa marejesho ya kila mwezi anakuwa amedaiwa Sh2,625,000, na shamba bado halijatoa hata debe moja. Atazipata wapi? Ama atapunguza mbolea ambayo ndiyo aliyoikopea, ama atamwendea mlanguzi na kuuza mpunga ukiwa bado majini kwa bei anayoitaka mlanguzi, na siku ya kuvuna apimiwe kwa lumbesa. Kumbukumbu za benki zitaonyesha mkopo uliolipwa vizuri. Msimu unaofuata mkulima hana mtaji, na tawi litaandika kwamba wateja wa eneo hilo hawana mwamko wa kukopa.

Ieleweke kuwa tatizo hapa si riba tena kama ilivyokuwa zamani. Benki ya Maendeleo ya Kilimo (TADB) ilianza kazi mwaka 2015. Julai 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza hatua kadhaa za kushusha gharama za mikopo, ikiwamo Sh1 trilioni za kuzikopesha benki kwa riba ya asilimia 3, kwa sharti kwamba nazo ziikopeshe sekta ya kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Kilio cha miaka mingi kilisikika kwa kiasi chake. Hata hivyo, riba ya asilimia 9 yenye ratiba ya mtu wa mshahara inaweza kumuumiza mkulima kuliko riba ya juu zaidi yenye ratiba ya mavuno. Zipo benki zenye mikopo ya msimu, na hilo ni jema. Ila anayejaza fomu ni ofisa wa tawi, na ofisa hujaza anachokijua.

Sasa swali la kujiuliza ni hili: ofisa huyo alifundishwa wapi kwamba fedha ya shamba huja mara moja au mbili kwa mwaka? Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina MBA yake ya kilimobiashara, na Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika kilichopata hadhi hiyo mwaka 2014. Lakini maofisa wengi wa benki hawasomi huko. Wanasoma karibu na ofisi zao mjini, jioni, kesi zilizodurufiwa kuhusu makampuni ya vinywaji na ya ndege ya Marekani.

Msimu mzima ndani ya darasa

Kuongeza mwaka wa pili si lazima. Kinachotakiwa ni mwanafunzi kushika zao moja au biashara moja siku ya kwanza na kutoiachia mpaka siku ya mwisho. Kozi ya uhasibu isome vitabu vya chama kile kile cha msingi ambacho kozi ya masoko itakichambua baadaye, na ambacho kozi ya sheria itaisoma mikataba yake. Kwa njia hiyo hata marudio yatapungua. Hivi sasa uchambuzi wa nguvu na udhaifu wa kampuni unaweza kufundishwa kwenye kozi ya masoko, ukarudiwa kwenye mikakati, kisha kwenye ujasiriamali, kila mara kwa kampuni nyingine na kila mara kwa juu juu.

Korosho peke yake inatosha kujaza mwaka. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ilipitishwa mwaka 2005, na mfumo wenyewe ukaanza kutumika kwenye korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/08. Mkulima anapeleka korosho chama cha msingi, zinakwenda ghala kuu, zinauzwa kwa mnada, makato yanatolewa, ndipo analipwa. Ndani ya mlolongo huo mmoja kuna mtaji, bima, madaraja ya ubora, unyaukaji, usafirishaji na uongozi wa watu wasioaminiana.

Kisha kuna msimu wa 2018/19. Mwaka mmoja kabla, bei minadani ilikuwa imevuka Sh4,000 kwa kilo. Msimu ulipofunguliwa ofa zikashuka, wakulima wakagoma kuuza, na Novemba 2018 Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho yote kwa Sh3,300 kwa kilo, Jeshi likapewa kazi ya kusomba. Mzigo ukakaa maghalani kwa miezi mingi. Uhakiki nao ulihitajika ili kuwabaini watu wa kangomba, yaani wale waliokwisha kuzichukua korosho za wanyonge kwa bei ya chee kabla ya msimu, na baadhi ya wakulima wakachelewa kulipwa.

Mjadala wa kisiasa kuhusu uamuzi ule unaweza kuachwa nje ya mlango. Kwa darasa la biashara, kesi ile ni dhahabu. Mhadhiri wa fedha aulize: kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, kilo iliyonunuliwa kwa Sh3,300 na kulala ghalani miezi sita inakula kiasi gani? Jibu ni Sh198, kabla ya kulipia ghala, ulinzi na uzito uliopotea. Mhadhiri wa masoko aulize kwa nini mnunuzi wa India au Vietnam, ambaye ana viwanda vya kubangua, anaweza kusubiri wakati mkulima wa Tandahimba hawezi. Mhadhiri wa uongozi aulize nani alitakiwa kumweleza nani, na lini, kwamba bei ya dunia imeteremka. Maswali matatu hayo yakijibiwa na watu walewale kwa kutumia takwimu zilezile, hapo kuna MBA.

Kalenda yenyewe inaruhusu. Mwaka wa masomo katika vyuo vingi nchini huanza karibu na Oktoba au Novemba, kipindi ambacho minada ya korosho inafunguliwa. Mwanafunzi angefuata mauzo katika muhula wa kwanza, akaona malipo na makato yanavyofika au yasivyofika. Katika muhula wa pili angekutana na maandalizi ya mashamba na, kuanzia Mei au Juni, upuliziaji wa salfa, ambako ndiko fedha ya mkulima inakozama. Kufikia wakati wa kuandika ripoti yake mikorosho imechanua, na anapohitimu zao jipya linaelekea ghalani. Miezi 12 inatosha kabisa, mradi ianzie na kuishia mahali panapoeleweka.

Wiki mbili darasani, kisha kazini

Kuhusu tatizo la saa, upo mfano wa kuigwa. Henry Mintzberg wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, aliyechapisha kitabu cha Managers Not MBAs mwaka 2004, amekuwa mkosoaji mkali wa kuwafundisha umeneja watu ambao hawajawahi kusimamia chochote. Hakuishia kulaumu. Tangu mwaka 1996 yeye na wenzake wa vyuo kadhaa waliendesha programu ya IMPM, ambayo mameneja walio kazini hukutana darasani kwa vipindi vya takriban wiki mbili, wanarudi ofisini na kazi ya kufanya, kisha wanakutana tena. Muda wa kutafakari umewekwa kwenye ratiba kama somo, haukuachiwa bahati.

Utaratibu huo ungeondoa mchezo wa kukimbizana na daladala kila jioni. Gharama yake lazima isemwe wazi. Vipindi vitano vya wiki mbili ni siku 70. Likizo ya mwaka kwa mujibu wa sheria ya ajira ya mwaka 2004 ni siku 28. Hata mwanafunzi akiitoa likizo yake yote, mwajiri atabeba siku 42. Wapo watakaokataa. Lakini mwajiri mwenye hesabu atatambua kwamba tayari anazilipa siku hizo na zaidi, kwa mfanyakazi anayesinzia saa nne asubuhi na kuchapa kazi ya kikundi kwa kompyuta ya ofisi.

Jambo lingine ni tasnifu. Katika programu nyingi za haraka, kozi zinakwisha kwa wakati na utafiti unabaki nyuma kama gari lililoharibika njiani. Mwanafunzi amerudi kazini, msimamizi wake ana wanafunzi wengine 20, na maswali ya dodoso yamenakiliwa kwa waliotangulia. Wapo hata wanaoandikiwa kwa malipo, na bei zake hazifichwi sana. Tasnifu ya kurasa 90 kuhusu mambo yanayoathiri ufanisi katika taasisi fulani haimsaidii yeyote. Ibadilishwe iwe ripoti ya kurasa 30 kuhusu uamuzi mmoja wa kweli: chama kijenge ghala lake au kiendelee kukodi, kiwanda kinunue mashine ya pili au kiongeze zamu, benki irejeshewe Julai au Septemba.

Na ripoti hiyo iwasilishwe mara mbili. Mara ya kwanza mbele ya wahadhiri kwa Kiingereza, kama taratibu zinavyotaka. Mara ya pili mbele ya bodi ya chama au wamiliki wa biashara kwa Kiswahili, na wao watoe sehemu ya alama. Huu unaweza kuwa mtihani mgumu kuliko yote. Mwanafunzi anayejificha nyuma ya maneno ya Kiingereza yaliyotiwa mafuta atalazimika kumweleza mzee wa miaka 60, anayejua bei ya gunia tangu enzi za vyama vikuu, kwa nini fedha iliyolala ghalani nayo ni gharama. Akiweza kulieleza hilo likaeleweka, amelielewa.

Vikwazo vipo. Viongozi wa vyama hawapendi kufungua vitabu mbele ya wageni, na si vigumu kukisia kwa nini. Lakini vyama hivyo vina Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (COASCO), na hesabu zilizokwisha kukaguliwa zinatosha kwa kuanzia. Kikwazo kikubwa zaidi kimo vyuoni. Mhadhiri hupanda cheo kwa kuchapisha makala kwenye majarida ya kitaaluma. Akikaa miezi mitatu Newala kuandika kesi ya chama cha msingi, wenzake watakuwa wamempita. Kesi iliyoandikwa vizuri na kuhakikiwa na wenzake ingehesabiwa kama makala, zingepatikana nyingi ndani ya muda mfupi.

Kubadili mtaala kunapitia seneti ya chuo na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na hilo linachukua muda. Kubadili swali la mtihani hakuhitaji kibali cha mtu. Mhadhiri wa fedha anayetunga mtihani wa muhula huu anaweza kuacha kuuliza thamani ya sasa ya marejesho 12, akaandika badala yake kwamba mkulima wa Mbarali amekopa Sh6 milioni mwishoni mwa Novemba, kisha amtake mwanafunzi ataje mwezi wa kulipa na fedha ya kulipia itatoka wapi.